Sura ya Tano: Mshenga na Dalali

Pwani yetu inawajua watu wawili wanaosimama katikati. Wa kwanza ni mshenga. Hutumwa na upande mmoja kwenda kuposa, hubeba maneno ya huku na kule, husikiliza masharti, hulainisha panapokwaruza. Kazi yake haiishi siku ya harusi. Ndoa ikitikisika mwaka wa tatu, wazee huuliza mshenga alikuwa nani, naye huitwa, hukaa mkekani, hujibu. Wa pili ni dalali. Humkutanisha muuzaji na mnunuzi, hupokea udalali wake, huenda zake. Paa likianza kuvuja mwezi ujao, humwoni tena.

Nimeanza na watu hawa wawili kwa sababu sura hii inahusu watu wa kati wa nchi ya mbali, wale wanaowatafutia wanawake wa Ufilipino kazi za nyumbani Hong Kong, Singapore, Riyadh, Dubai na Kuwait. Sidhani kuna taifa lililofikiri zaidi kuhusu watu hao, au lililotunga sheria nyingi zaidi juu yao. Kwa nusu karne Ufilipino imekuwa ikihangaika na jambo moja: kumfanya dalali awajibike kama mshenga. Mahali ilipofaulu, wanawake wameokoka. Mahali iliposhindwa, wamerudi wakiwa na madeni, au na majeraha, au wamerudi ndani ya jeneza.

Anayebisha hodi

Mtu wa kwanza kufika nyumbani kwa binti katika kijiji cha Iloilo au Maguindanao kwa kawaida hana ofisi wala kibao. Ni mtu anayejulikana: jirani, binamu wa mama, mwanamke aliyefanya kazi Saudi Arabia miaka kadhaa akarudi kujenga nyumba ya matofali. Kwa Kitagalog dada mkubwa huitwa ate na shangazi huitwa tita, na mabinti humwita mgeni huyu kwa majina hayo hayo ya heshima. Anabisha hodi, anakaribishwa, anakula. Kisha anasema nafasi ipo.

Anachokuja nacho ni zaidi ya habari. Anajua cheti cha kuzaliwa kinachukuliwa wapi na picha ya pasi ya kusafiria inapigwa kwa vazi gani. Anaweza kulipa nauli ya basi au ya meli hadi Manila, na kumkaribisha binti kwa siku mbili tatu. Kwa familia ambayo haijawahi kufika hata makao makuu ya mkoa, mtu huyu ndiye daraja pekee lililopo. Tukimwita tapeli na kuishia hapo, hatutaelewa kwa nini mama wa mtoto anamshukuru kwa machozi.

Lakini mtu huyu analipwa kwa kichwa. Wakala aliyeko Manila humpa kiasi fulani kwa kila mwanamke anayemfikisha mlangoni. Sheria inamtaka wakala mwenye leseni apate kibali maalumu kabla ya kuandikisha watu mbali na ofisi yake iliyosajiliwa. Mkusanyaji wa kijijini mara nyingi hana kibali, na jina lake haliandikwi kwenye karatasi yoyote. Mambo yakienda kombo, wakala husema hamjui, na yeye husema alisaidia tu.

Hapo ndipo neno zito la Kifilipino linapoingia: utang na loob. Utang ni deni, na loob ni undani wa mtu. Ni deni la fadhila, lile ambalo mtu humbebea aliyemtoa shimoni. Dawa ya deni ni kulipa, ila deni la namna hii halina kiwango wala tarehe, na kumshtaki aliyekusaidia ni aibu kubwa. Mwanamke aliyeahidiwa Dubai akajikuta kwingine anaweza kukaa kimya miaka, kwa sababu aliyempeleka ni tita.

Katalogi ya watu

Kutoka kijijini njia huelekea Ermita na Malate, mitaa ya Manila iliyo karibu na ghuba, ambako ofisi za uwakala zimepangana ghorofa kwa ghorofa. Huko mwanamke hupimwa afya. Hufanya mafunzo ya kazi za ndani na mtihani wa cheti cha serikali. Huhudhuria masomo ya kabla ya safari, anapofundishwa maneno machache ya Kiarabu au Kikantoni na namba za simu za ubalozi. Mwishoni hupewa hati ya ajira ya nje, ambayo bila hiyo afisa wa uhamiaji hamruhusu kupanda ndege.

Kati ya hatua hizo zote, inayofaa kutazamwa kwa utulivu ni karatasi inayoitwa biodata. Ina picha ya mwanamke amesimama wima, mara nyingi ndani ya sare. Ina urefu wake, uzito wake, dini yake, idadi ya ndugu zake, idadi ya watoto wake na umri wao. Kisha yanafuata maswali. Atakubali kuogesha mbwa? Atapika nyama ya nguruwe? Atalala chumba kimoja na mtoto? Ataweza kumnyanyua mzee kitandani? Karatasi hiyo hutumwa ng'ambo, na mwajiri huchagua kama anayechagua friji.

Mwanaanthropolojia Nicole Constable, katika kitabu chake cha 1997 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Hong Kong, alionyesha jinsi mawakala wanavyomtengeneza mwanamke ili afanane na karatasi: nywele zikatwe, rangi ya kucha iondolewe, mwenendo uwe wa unyenyekevu. Mwalimu wa shule mwenye shahada hufundishwa kuongea kama mtu asiyejua mengi, maana mwajiri huogopa mtumishi aliyesoma kumzidi. Wakala anayefanya hivyo huamini anamsaidia apate kazi, na kweli anamsaidia. Gharama yake ni kwamba mwajiri amepokea mtu ambaye hayupo, na mwanamke analazimika kuuigiza huo uongo saa 24 kwa siku, ndani ya nyumba anamolala.

Serikali inayopeleka

Je, kwa nini mwanamke asiandike barua moja kwa moja kwa mwajiri na kuwaacha hawa wote? Kwa sababu sheria ya Ufilipino inamkataza. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Kazi kinazuia mwajiri wa nje kumwajiri Mfilipino bila kupitia chombo kilichoidhinishwa, isipokuwa kwa watu wachache kama wanadiplomasia. Mtu wa kati ni lazima kisheria.

Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Ferdinand Marcos tarehe 1 Mei 1974. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, nchi za Ghuba zilikuwa na fedha na hazikuwa na wajenzi, na Ufilipino ilikuwa na vijana wasio na kazi na deni la nje. Waziri wa kazi Blas Ople aliona njia. Mpango wa mwanzo ulikuwa serikali ifanye uwakala yenyewe na kampuni binafsi ziondolewe taratibu. Haikuwezekana: maombi yalikuwa mengi kuliko makarani. Mwaka 1978 kampuni binafsi zilirudishiwa nafasi rasmi, na mwaka 1982 ikaundwa mamlaka ya kuzisimamia, ambayo kifupi chake, POEA, kilikuja kujulikana na kila familia. Wanaume walitangulia na nyundo na vyuma. Katika miaka ya 1980 wanawake wakafuata kwa wingi, na ufagio na chupa za maziwa ya watoto.

Mwanasosholojia Robyn Rodriguez aliandika mwaka 2010 kwamba dalali mkuu katika biashara hii ni dola yenyewe. Inatafuta masoko, inatia sahihi mikataba, inasifu bidhaa. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaambia wafanyakazi wa nyumbani wa Hong Kong kuwa wao ndio mashujaa wapya wa taifa. Sifa hiyo ilikuwa na sababu. Hata leo fedha zinazotumwa nyumbani ni nguzo ya uchumi: mwaka 2023 zilizopitia benki zilifika dola bilioni 33.5. Takwimu za serikali za 2022 ziliwahesabu Wafilipino milioni 1.96 wanaofanya kazi nje, zaidi ya nusu wakiwa wanawake.

Serikali inayotegemea fedha hizo inapaswa pia kumwadhibu wakala anayezileta, na mkono mmoja ukiwa umeshika kapu, mwingine husita kushika fimbo. Ilihitaji msiba wa taifa zima kuufanya mkono huo wa pili usogee.

Machi 1995

Flor Contemplacion alikuwa mfanyakazi wa nyumbani nchini Singapore. Alihukumiwa kifo kwa mauaji ya Mfilipino mwenzake na ya mtoto aliyekuwa akilelewa na mwenzake huyo. Wafilipino wengi hawakuamini kuwa alitenda, wala kwamba ubalozi wake ulikuwa umemtetea inavyostahili. Alinyongwa tarehe 17 Machi 1995. Mwili ulipofika nyumbani, maelfu walitoka barabarani, na mawaziri wawili wakaondoka madarakani.

Kesi hiyo haikumhusu wakala wa ajira. Ila ilizua swali ambalo kila nyumba yenye binti ng'ambo ilikuwa ikiliogopa: akipatwa na jambo kule, nani anajibu hapa? Tarehe 7 Juni 1995, chini ya miezi mitatu baada ya kifo kile, Rais Fidel Ramos alitia sahihi Sheria ya Jamhuri namba 8042. Humo mna tamko kwamba dola haitangazi ajira ya nje kama njia ya kukuza uchumi. Mna pia adhabu: anayewaandikisha watu bila leseni, waathirika wakiwa watatu au zaidi, au wahalifu wakiwa watatu au zaidi, ametenda uhujumu uchumi, na kifungo chake ni cha maisha.

Lakini kifungu ninachokiona kuwa moyo wa sheria nzima ni cha 10. Kinasema kuwa wakala wa Manila na mwajiri wa ng'ambo wanawajibika kwa pamoja, na kila mmoja kwa deni lote. Mwajiri wa Kuwait asipolipa mshahara, mwanamke hahitaji kumfuata Kuwait, ambako hana viza wala wakili. Anakwenda kwa hakimu wa kazi wa nchini mwake na kumshtaki wakala aliyempeleka. Kampuni ikifilisika, wakurugenzi wake hulipa kwa mali zao. Sheria ilikuwa imemwambia dalali maneno ambayo wazee wetu humwambia mshenga: wewe ndiye uliyekuja, sisi tunakujua wewe.

Wenye kampuni walipigana. Ndani ya kifungu hicho hicho kilikuwamo kipengele kilichompa mfanyakazi aliyefukuzwa bila haki mshahara wa miezi mitatu tu kwa kila mwaka uliobaki wa mkataba, pale kiasi hicho kinapokuwa kidogo kuliko mshahara wa muda wote uliobaki. Baharia mmoja alikipinga, na Mahakama ya Juu ikakifuta mwaka 2009. Bunge likakirudisha mwaka 2010. Mwaka 2014 mahakama ikakifuta tena, safari hii katika shauri la mwanamke aliyekuwa amepelekwa kiwandani Taiwan na kurudishwa baada ya wiki chache. Miaka 17 ilikuwa imepita tangu arudi. Aliyeamriwa kumlipa alikuwa wakala wake wa Manila.

Marekebisho ya 2010 yaliongeza bima ya lazima, inayolipwa na wakala: si chini ya dola 15,000 kwa kifo cha ajali, na gharama za kumrudisha mfanyakazi au mwili wake. Hakuna fedha inayofidia mtoto wa mtu. Bima inafanya jambo jingine: inamkumbusha wakala, kila anapojaza fomu, kwamba huyu anayempeleka anaweza kufa.

Fedha hutafuta mwanya

Mwaka 2006 vita vya Lebanon viliwalazimisha maelfu ya Wafilipino kukimbia, na waliorudi walikuja na simulizi za mateso ya majumbani. Serikali ikapitisha masharti mapya kwa wafanyakazi wa nyumbani peke yao: mshahara usiopungua dola 400 kwa mwezi, umri usiopungua miaka 23, cheti cha mafunzo, na ada ya uwakala ya sifuri. Wafanyakazi wengine wangeweza kutozwa hadi mshahara wa mwezi mmoja. Mfanyakazi wa nyumbani asitozwe kitu, na mwajiri ndiye alipe.

Kwenye karatasi ilikuwa haki safi. Mtaani, ada ilibadilisha jina. Ilijiita ada ya mafunzo, ada ya malazi, ada ya vipimo, ada ya kuharakisha. Pale mwanamke aliposema hana, alielekezwa kwa mkopeshaji. Wafilipino wana mkopo unaoitwa 5-6: ukikopa tano unarudisha sita, mara nyingi ndani ya wiki chache. Watanzania wanaujua kwa jina la kausha damu.

Mbinu nyingine ni makato. Singapore, mwajiri humlipa wakala mapema, kisha humkata mfanyakazi mshahara miezi kadhaa mpaka fedha yake irudi. Tangu 2011 sheria ya huko imeweka kikomo cha ada anayotozwa mfanyakazi: mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa mkataba, usizidi miezi miwili. Lakini deni lililofanywa Manila halihesabiki ndani ya kikomo hicho. Mwanamke huamka alfajiri, hulala usiku wa manane, na mwisho wa mwezi hupewa fedha ya sabuni.

Hong Kong sheria ni kali zaidi, na mwanya wake unafundisha zaidi. Wakala wa huko haruhusiwi kumtoza mfanyakazi zaidi ya asilimia 10 ya mshahara wa mwezi wa kwanza. Mshahara wa chini kwa mikataba mipya ulipowekwa dola za Hong Kong 4,870 mwishoni mwa Septemba 2023, ada halali ilikuwa dola 487 tu. Hata hivyo wanawake wameendelea kulipa mara nyingi ya kiasi hicho, kwa kutia sahihi mkopo wa kampuni ya fedha iliyo jirani na ofisi ya wakala, na pasi ya kusafiria ikiachwa kama rehani. Kwenye vitabu vya wakala hakuna ada. Kuna mwanamke aliyekopa kwa hiari yake.

Nani hupata, nani hupoteza

Nimekuja kuamini kwamba mtu wa kati hapimwi kwa tabasamu lake wala kwa leseni iliyo ukutani. Maswali mawili yanatosha. Nani anamlipa? Na mambo yakiharibika, hasara inamwangukia nani?

Tuuchukue mji wa Hong Kong. Tangu 1987 mfanyakazi wa nyumbani ambaye mkataba wake umevunjika hupewa siku 14 kuondoka, na kwa kawaida mkataba mpya huchukua muda mrefu zaidi ya huo kukamilika. Kwa hiyo akifukuzwa, anarudi kwa wakala, analipa upya, anaondoka na kungoja. Kila mkataba unaovunjika ni mteja mpya. Wakala asiye mwaminifu hana sababu ya kumtafutia nyumba atakayodumu.

Ghuba mtego umegeuzwa upande. Huko mwajiri humlipa wakala fedha nyingi na kupewa dhamana. Katika Falme za Kiarabu kipindi cha majaribio ni miezi sita, na mfanyakazi akiondoka ndani yake, wakala humrudishia mwajiri fedha. Dhamana hiyo ilibuniwa kumlinda mnunuzi. Sasa mfikirie mwanamke anayempigia wakala simu mwezi wa pili, akinong'ona bafuni kwamba hapewi chakula, au kwamba mwenye nyumba anaingia chumbani kwake usiku. Wakala anasikia sauti mbili kwa wakati mmoja: ya mtu anayeomba msaada, na ya fedha inayotaka kuondoka sandukuni. Mashirika ya haki za binadamu yamekusanya kwa miaka mingi ushuhuda wa jibu linalotolewa: vumilia, maliza kwanza miezi yako. Wengine hurudishwa kwa mwajiri yule yule, na wapo waliopigwa ndani ya ofisi za wakala.

Juu ya hayo kuna mkataba unaobadilishwa. Ule uliotiwa sahihi Manila unataja mshahara uliokubaliwa. Siku ya kufika huletwa mwingine, kwa lugha asiyoisoma, wenye kiasi pungufu. Chini ya mfumo wa kafala, ambamo kukaa kwake nchini kunategemea mwajiri mmoja, kukataa kutia sahihi ni kukubali kurudi nyumbani na deni.

Mlango ukifungwa

Mara kadhaa Manila imejibu kwa kufunga mlango. Mwaka 2018, baada ya mwili wa mfanyakazi wa Kifilipino kupatikana ndani ya friza katika nyumba iliyohamwa nchini Kuwait, serikali ilizuia safari za kwenda huko mpaka makubaliano mapya ya kuwalinda wafanyakazi yakatiwa sahihi mwezi Mei. Mwaka 2023, baada ya kifo kingine huko huko, ikazuia tena wale wanaokwenda kwa mara ya kwanza. Hasira hiyo naielewa. Serikali isiyokasirika kwa jambo kama hilo haistahili jina lake.

Lakini marufuku humwondoa wakala mwenye leseni peke yake. Yule asiye nayo hubaki, na bei yake hupanda. Kuanzia 2014, Manila na Falme za Kiarabu waliposhindwa kukubaliana kuhusu mkataba wa kazi, njia rasmi ilifungwa kwa karibu miaka saba. Wanawake waliendelea kwenda kwa viza za matembezi, wakipitishwa uwanja wa ndege na maafisa waliohongwa. Mwajiri alipowakataa Dubai, hapakuwa na ofisi ya Manila ya kuwajibika kwa yeyote. Mwaka 2021 Seneti ya Ufilipino, kupitia kamati iliyoongozwa na Risa Hontiveros, ilisikia habari za wanawake walioahidiwa Dubai wakajikuta Damascus, katikati ya nchi yenye vita, wakiuzwa nyumba hadi nyumba. Wengi wao walikuwa wamekimbilia ubalozi wa nchi yao na kukaa humo miezi, wakingoja vibali vya kutoka.

Walioamua kuwa washenga

Nisingependa msomaji afunge sura hii akidhani kila anayesimama katikati ni mwizi. Mwaka 2014 Hong Kong ilianzishwa Fair Employment Agency, wakala usiogawa faida na usiomtoza mfanyakazi hata senti. Mwajiri ndiye analipa. Waanzilishi wake walitaka kuonyesha kuwa kazi hii inaweza kufanywa kwa haki na ofisi bado ikalipa pango. Wapo pia mawakala wa kawaida wa Manila, watu wasiojulikana magazetini, wanaopokea simu usiku na kumsumbua mshirika wao wa Riyadh hadi mwanamke atolewe.

Wapo pia wanawake wenyewe. Jumapili, barabara ya Chater na viwanja vya Central huko Hong Kong hujaa Wafilipino waliotandika maboksi chini, wanakula wali na samaki, wanasukana nywele, wanapiga simu nyumbani. Pale habari hugawanywa zaidi kuliko katika ofisi yoyote: mwajiri gani anapiga, wakala gani anashika pasi, mkopo upi usiutie sahihi. Anayetaka kumleta mdogo wake humtafutia mwajiri kwa marafiki wa mwajiri wake. Bado wakala atahitajika kwa karatasi, lakini sasa binti anakuja akiwa na mtu wa kumkimbilia. Tangu 1981 Mission for Migrant Workers imekuwa ikiwapokea waliofukuzwa na kuwasaidia kudai haki zao. Dada aliyemleta mdogo wake hawezi kuzima simu. Wanakutana kila Jumapili.

Ufilipino ilikuwa nchi ya pili duniani kuridhia Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, unaowatambua wafanyakazi wa nyumbani kuwa wafanyakazi, na kwa hatua hiyo ya 2012 ukapata nguvu ya kuanza kutumika mwaka uliofuata. Mwisho wa 2021 iliunda wizara kamili ya wafanyakazi walio nje. Wanawake bado wanaibiwa na bado wanakufa. Ila pale Manila kuna mlango unaojulikana, na nyuma ya mlango huo kuna mtu ambaye sheria inamlazimisha kujibu.

Jambo hili linatugusa sisi kwa karibu kuliko ramani inavyoonyesha. Mwaka 2011 Manila ilipong'ang'ania dola 400, Saudi Arabia iliacha kutoa viza kwa wafanyakazi wa nyumbani wa Ufilipino na Indonesia. Makubaliano yaliyothibitisha dola hizo yalitiwa sahihi Mei 2013. Kaya za Riyadh na Jeddah hazikukaa bila watumishi muda huo wote. Mawakala walitafuta kwingine, Afrika Mashariki ikiwamo, ambako serikali haikuwa imeweka bei. Leo katika jiko moja la Ghuba unaweza kumkuta Mfilipino na Mkenya wakiosha vyombo vya karamu moja, mmoja akilipwa zaidi kwa sababu pasi yake ya kusafiria ina sheria nyuma yake. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilichapisha ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Humo mna pasi zilizochukuliwa, siku za kazi zisizo na mwisho, mishahara isiyolipwa, na wanawake waliorudi na kukuta hawana wa kumdai.

Kwa hiyo binti wa Tanga, wa Mombasa au wa Unguja anapoletewa habari ya nafasi na mtu anayemwita shangazi, wazazi wasimfukuze mgeni wala wasimbusu mikono. Wamkaribishe, wampe chai, kisha wamuulize kama wanavyomuuliza mshenga. Nani anakulipa kwa safari hii, na kiasi gani? Mkataba uko wapi, na sahihi yako iko ukurasa gani? Na mwaka mmoja kuanzia leo, mtoto wetu akipiga simu analia, sisi tukabishe hodi mlango gani, nani atatufungulia?

Mwenye majibu hayo apewe kiti. Asiye nayo amalize chai yake, na pasi ya mtoto ibaki sandukuni.